Shahidi wa Nyumba Namba Tisa

Jotham Misiko hakupenda kutia sahihi karatasi yoyote duniani isipokuwa daftari la lango, na hilo nalo alilitia kwa kuwa ndilo lililomlisha. Kwa miaka minne alikuwa mlinzi wa zamu ya mchana kule Mirdif, kwenye nyumba kumi na mbili zilizozungushiwa ukuta mmoja, ndege zikishuka juu ya kichwa chake moja baada ya nyingine kana kwamba zimetumwa kumkumbusha kuwa kuna watu wanaokwenda makwao. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: asiingie mtu ambaye hajaandika jina lake, namba ya gari lake, nyumba anayokwenda na mahali anapoishi. Asiyeandika arudi alikotoka, hata awe amevaa suti.

Alikuwa mgane wa miaka hamsini na miwili. Shule aliishia darasa la sita. Ukikaa naye dakika tano kibandani, kabla hujamaliza chai, atakuwa amekwisha kukwambia kwamba wakubwa ndio waliomuua mkewe, Everlyn. Walianza zahanati kijijini, wakaipandisha mpaka kwenye linta, juu ya madirisha, wakapigwa picha mbele yake, wakaenda zao, na paa halijaja hadi leo. Siku kifua kilipombana Everlyn, alipitishwa mbele ya kuta hizo amebanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, na hospitali yenye dawa hakuifikia. Wakubwa, Jotham husema, wana macho ya kuona kura, hawana macho ya kuona mtu.

Hilo alimwambia kila mtu. Lakini kulikuwa na jambo jingine, la siku moja ya kura huko kijijini, ambalo hakupata kumwambia yeyote.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwaka ule Wamarekani walipokuwa wanachagua rais, Lynette alikuja mbio kutoka nyumba namba tisa. Huyu Lynette alikuwa msichana wa Nyahururu, mfanyakazi wa ndani wa nyumba hiyo, mwenye mdomo mwepesi na mguu mwepesi zaidi.

"Mzee Jotham, miwani yako unayo? Bibi anataka shahidi."

"Mimi sikuona kitu," Jotham akajibu papo hapo, maana katika mji ule neno shahidi alilisikia likienda na polisi.

Lynette akacheka mpaka akashika ukuta. Akamweleza. Bibi ni mama yake sir wa nyumba namba tisa, Mmarekani wa miaka sabini na tisa, aliyeletwa Dubai na mwanawe baada ya kuvunjika nyonga. Sasa anapiga kura. Haendi kwao, karatasi imekuja kwa bahasha na itarudi kwa bahasha. Ila jimbo lao lina sheria yake, kwamba anayepiga kura akiwa mbali lazima mtu mzima mwingine ashuhudie kuwa ni yeye, kwa mkono wake, wala hakushurutishwa na mtu. Jimbo jirani hawana mambo hayo, kila jimbo na ada yake, lakini la Bibi wanayo. Shahidi akikosekana, au asipojulikana anaishi wapi, bahasha haifunguliwi. Kura imekufa.

Jotham akauliza mwanawe kaenda wapi. Sir yuko Abu Dhabi kikazi, Lynette akasema, na hata angekuwepo Bibi asingemtaka, maana mama na mwana wameachana njia juu ya wagombea, na huu ni mwezi wa pili wanakula vyumba tofauti. Madam Ghania, mke wa sir, yuko kazini hadi jioni. Na gari la vifurushi linakuja saa sita kuichukua bahasha. Likiikosa leo, huenda isifike kwa wakati.

"Na wewe una ugonjwa gani mkononi?" Jotham akauliza.

"Mimi? Mimi nilitia sahihi karatasi moja Nairobi ikasema saluni. Nikashuka hapa nikapewa fagio. Mimi na sahihi, khalas." Kisha akapunguza sauti. "Daktari amemwambia Bibi asihesabu miaka minne mingine, mzee. Hii ndiyo yake ya mwisho. Hajalala vizuri wiki nzima kwa ajili yake."

Dancan, mlinzi mwenzake aliyekuja kumpokea kwa mapumziko, akamwambia aende tu, lango analishika yeye, na akirudi asisahau kuwaletea viza ya Marekani.

Njiani Lynette hakunyamaza. Akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyopiga kura hapahapa Dubai mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. Yetu si ya bahasha, alisema. Yetu ni kwenda mwenyewe kwa miguu yako, ukajiandikishe kwanza, halafu siku ikifika urudi tena mwenyewe na pasipoti. Pasipoti aliiomba kwa madam siku tatu, akapewa kama anayeazimwa mtoto. Akapanga foleni na walinzi, wapishi, wasafisha vyumba, wengine wametoka zamu ya usiku macho mekundu. Karatasi moja tu, ya rais, basi. Jotham yeye hakwenda. Pasipoti yake ilikuwa ofisini kwa kampuni, lakini hata ingekuwa mfukoni asingekwenda. Wagombea ni wale wale, yule ni yule, na huyu ni mpwa wake, ndivyo alivyowaambia wenzake wa kempu, kule kampuni inakowalaza wafanyakazi wake.

Sebule ya nyumba namba tisa ilikuwa baridi kama duka la nyama. Bibi alikuwa ameketi mezani, sweta ya sufu mabegani, nywele zake nyeupe zimechanwa kama za mtu anayekwenda kanisani. Alimpa Jotham mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mwepesi kama jani, na ulikuwa unatetemeka.

Kwanza akamwonyesha karatasi. Aliigeuza mbele na nyuma, akaisogeza karibu na miwani yake, akasema kitu. Lynette akatafsiri: anataka uangalie vizuri kama ni tupu. Jotham akaangalia. Majina yalikuwa mengi, ya rais mpaka ya watu wadogo wa chini, na kando ya kila jina kijiduara, na vijiduara vyote vilikuwa vyeupe.

"Ni tupu," akasema.

Bibi akamngojea. Lynette akamwambia aseme tena, kwa sauti, akimtazama Bibi usoni, maana ndivyo Bibi anavyotaka.

"Ni tupu, Bibi."

Ndipo yule mama akachukua kitabu kikubwa cha mapishi, akakifungua, akakisimamisha mezani kama ukuta. Karatasi ikawa upande wake. Jotham akaonyeshwa kiti mahali anapouona mkono wa Bibi na haoni anachoandika. Lynette akaambiwa akae karibu na jiko.

Jotham hajapata kuona kitu kama kile. Alidhani ni jambo la dakika moja. Likawa la dakika ishirini na tano. Kiwiko kilikwenda taratibu, kikasimama, kikaenda tena. Mara Bibi aliweka kalamu chini, akatazama dirishani, midomo ikicheza, kama mtu anayeulizana na nafsi yake kuhusu jina moja dogo la mtu mmoja mdogo katika mji ulioko mwisho wa dunia. Ndege ikapita juu, glasi zikalia kabatini, yeye hakuinua kichwa. Jotham akajikuta anapumua polepole asije akamkatiza. Alivua kofia yake ya ulinzi bila kujua, akaiweka magotini. Akawaza: mwanamke huyu ana umri wa mama yangu, nyonga imevunjika, mkono hautulii, mwanawe mwenyewe kafungiwa nje ya jambo hili, na hakuna askari aliyesimama hapa, hakuna rais anayemwona. Anamwogopa nani hata achunge hivi? Hakumwona wa kumwogopa. Nywele zikamsimama mikononi, na akajiambia ni ile baridi.

Na hapo ndipo lile jambo lake likamjia, akiwa hana pa kukimbilia.

Mwaka ule wa kura kijijini, Jotham alikuwa wakala wa chama katika kituo cha Shule ya Msingi ya Mukhweya. Kazi ya wakala ni kuangalia: sanduku lifunguliwe watu waone ni tupu, kura zihesabiwe moja moja zikiinuliwa juu, kisha fomu ya matokeo ijazwe, ndipo wakala atie sahihi kwamba ameona. Saa nane mchana bosi wa chama alimwita nyuma ya darasa la nne. Akamwambia atie sahihi sasa hivi, usiku kutakuwa na baridi na kelele, aende zake nyumbani akapumzike. Fomu ilikuwa nyeupe, haina hata tarakimu moja. Jotham akaitia sahihi. Mtu yule yule wa zahanati isiyo na paa akashinda, na namna gani alivyoshinda Jotham hakuwa na haki ya kuuliza, maana jina lake lilikuwa pale chini limesema ameona.

Bibi akakunja karatasi. Akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi, akaibana kwa kiganja. Nyuma ya bahasha kulikuwa na mistari: yeye akatia sahihi yake, akaandika tarehe, akamsogezea Jotham kalamu. Lynette akamwonyesha: hapa jina, hapa sahihi, hapa mahali unapoishi.

Jina akaandika. Sahihi akaitia, nzuri kuliko ya daftari. Penye mahali anapoishi kalamu ikasita. Aandike kempu? Aandike kwenye bahasha ya mama huyu chumba cha vitanda vya ghorofa, watu wanane na ndoo? Karatasi ya heshima inataka jambo la heshima. Tena mtu wa kwao haishi Dubai. Dubai anafanya kazi. Akaandika kama alivyoandika kwenye kila fomu tangu utoto, na kama kijiji kizima kinavyoandika, kwa sababu sanduku la posta ni moja: Shule ya Msingi ya Mukhweya, S.L.P. 212, Webuye, Kenya. Bibi akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Lynette akatia bahasha ile ndani ya mfuko wa vifurushi, akaufunga. Hakuna aliyesoma.

Jotham alirudi langoni amenyooka mgongo. Dancan akamuuliza viza iko wapi, yeye hakusikia. Dancan akaenda zake mgahawani. Gari la vifurushi likaja wakati foleni ya magari ya watoto wa shule imebana lango, na Jotham akamsukumia dereva daftari bila kuangalia, akampitisha. Dereva huyo aliitwa Rafiq, Mpakistani mwembamba anayejulikana kila lango la Mirdif na Al Warqa kwa haraka zake.

Dakika kumi baadaye Rafiq akawa anatoka. Jotham akafungua daftari aandike saa ya kutoka, na jicho lake la kazi likaona. Penye mahali anapoishi Rafiq alikuwa ameandika Sialkot.

Kwa ule mchanganyiko wa Kiingereza na Kiarabu ambao wote wawili waliuokota kazini, Jotham akamwambia hilo halikubaliki. Rafiq akasema ndiko kwao. Jotham akasema hakumuuliza kwao.

"Kwenu ni kwenu, sikatai. Mimi nakuuliza unalala wapi. Kitu kikipotea humu ndani, nije nikutafute Sialkot?"

Neno lilipotoka likamrudia mwenyewe, likamkaa kifuani. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kuinua kizuizi. Ukabaki hapo.

Ndani ya gari lile, kati ya viatu na simu na dawa za watu, kulikuwa na bahasha inayosema kwamba shahidi anaishi kwenye sanduku la posta la shule. Kule jimboni kwa Bibi, kwenye theluji, mtu ataitazama, ataona shahidi hana mlango wala mtaa, hatakuwa na mahali pa kumtafuta, na ataiweka kando. Dakika ishirini na tano za yule mama. Miaka sabini na tisa.

Na hakuna atakayejua. Hilo ndilo lililokuwa tamu na chungu. Aminye kitufe tu. Bibi atakwenda kaburini akidhani amepiga kura, na lawama, kama ikija, itawaangukia wakubwa wa huko, maana wakubwa wako kila mahali. Alikuwa hodari wa kuwalaumu wakubwa, Jotham. Lakini leo alitafuta mkubwa wa kumtwika, akazunguka kichwa kizima, hakumpata. Wenye sheria hii walimuuliza swali moja tu, anaishi wapi. Aliyejibu ni yeye.

Akaondoa kidole kwenye kitufe.

Rafiq akapiga honi, akasema ana vifurushi kumi na kimoja kabla ya saa nane, yalla baba, fungua. Jotham akamwambia mfuko wa nyumba namba tisa unarudi, kuna kosa, na kosa ni lake. Rafiq akaapa kwa lugha tatu. Ndipo Jotham akamwambia ndani yake kuna kura ya mama mzee. Rafiq akamtazama, akazima injini, akafungua chupa yake ya maji.

"Dakika kumi," akasema. "Ya kumi na moja mimi si hapa."

Jotham akamwita Dancan kwa redio, akachukua mfuko, akaacha lango kabla mwenzake hajafika, kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka minne. Pale sebuleni Bibi alikuwa bado mezani, kitabu cha mapishi kimelala, uso umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Jotham aliona vigumu kumwangalia. Akamwambia Lynette atafsiri neno kwa neno, asipunguze. Alipofika kwenye S.L.P., Bibi akauliza kwa nini.

"Mwambie kwetu mtu haishi alipoajiriwa," Jotham akasema. "Anaishi alipozika."

Lynette akatafsiri.

"Na mwambie nimewahi kuwa shahidi kabla ya leo. Nilitia sahihi fomu ya kura ikiwa tupu, nikaenda kulala. Kwa hiyo leo siwezi kuliacha gari liende."

"Hilo nalo nimwambie, mzee?"

"Mwambie."

Akamwambia. Mashine ya baridi ikanguruma. Bibi akamfanyia Lynette ishara achane mfuko wa nje. Bahasha ya kura haikuguswa gundi yake. Maandishi ya shahidi yalikuwa juu yake, nje. Akasoma karatasi ya maelekezo kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka akapata mahali. Kosa la shahidi likatwe kwa mstari mmoja, aandike upya mwenyewe, aweke herufi za jina lake pembeni. Akampa kalamu.

Jotham akaishika, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui anaishi wapi. Alijua kempu iko Muhaisnah, na kwamba basi la kampuni humshusha nyuma ya karakana ya matairi, mlango wa bluu, chumba cha kumi na nne. Mtaa hakuujua. Jengo hakulijua. Miaka minne amelala mahali asipopajua jina.

Akampigia simu Ken, mwenzake wa chumba anayefanya zamu ya usiku. Simu ikalia sana.

"Ken, amka utoke nje unisomee kibao."

"Kibao gani buda? Kumewaka moto?"

"Kibao cha jengo. Na cha mtaa."

"Mzee, umefukuzwa kazi ama umepata bibi?"

Jotham akamwambia atoke tu, atamweleza. Wakasikia malapa ya Ken yakiburuta, mlango, joto la nje likimtoa guno, na Ken akilalamika kwamba kibao kimefichwa na nguo za Waganda. Kisha akasoma, na Jotham akaandika polepole, herufi moja moja, ameuma ulimi: chumba 14, jengo 7, Mtaa wa 19, Muhaisnah ya Pili, Dubai. Akakata la zamani kwa mstari mmoja. Mukhweya likabaki linasomeka chini ya mstari. Pembeni akaweka J.M.

Bibi aliisoma, akaupuliza wino. Akasema jambo, na Lynette akalitafsiri.

"Anasema katika mashahidi wake wote, wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Rafiq aliichukua dakika ya tisa, akaitia ndani ya mfuko mpya wa vifurushi. Kabla ya kuondoka alivuta daftari dirishani, akakata Sialkot, akaandika mahali anapolala Al Qusais, akamrudishia Jotham. Kizuizi kikainuka. Dancan akauliza kumetokea nini, na Jotham akamwambia akae, ni hadithi ndefu na yeye mwenyewe hatoki vizuri ndani yake.

Siku zikapita, tisa, kumi. Jotham aliangalia kila gari la vifurushi kama lina habari. Adhuhuri ya siku ya kumi na mbili Lynette akaja, safari hii hakukimbia. Alikuwa amepiga picha simu ya Bibi. Akamngoja Jotham avae miwani, kisha akamwonyesha. Kulikuwa na mstari mmoja wa kijani na maneno machache.

"Imepokewa," Lynette akasema. "Imekubaliwa. Bibi amelia, halafu akaomba uji."

Jotham akauliza jina lake limeandikwa wapi. Halimo, Lynette akasema, la shahidi haliwekwi hapo. Na kura yenyewe amempa nani? Hakusema, Lynette akajibu, na mimi sikuuliza. Lynette akarudi nyumba namba tisa na Jotham akabaki na ile rangi ya kijani machoni.

Halimo, lakini limesomwa. Alijaribu kumwona huyo mtu, katika chumba chenye joto la kuni, theluji dirishani, ameinama juu ya bahasha na kalamu sikioni. Ameona jina lisilosemeka vizuri. Amefuata kwa kidole: chumba kumi na nne, jengo la saba. Amejua ni hapo wanapoweza kumtafuta Jotham Misiko, akihitajika kusema alichoona. Serikali yake mwenyewe, iliyomzika mkewe bila paa, haikupata kumuuliza analala wapi. Na hapo uchungu wake wote ulirudi, mzima, hata punje haikupungua. Ila sasa ulikuja pamoja na ile fomu nyeupe, mkono kwa mkono, na hakuvitenganisha.

Gari likasimama langoni, jeusi, refu, mtu wa suti ndani. Akasema ana haraka, anakwenda kwa rafiki.

Jotham akampa daftari na kalamu, akasubiri mpaka amalize kuandika. Halafu akasoma kila neno.